Fundi Aliyeonja Kuta

Wanaokuja kuuliza habari za nyumba za zamani za mji huu hutajiwa waliozimiliki. Wanaambiwa habari za Mhindi wa duka kubwa, aliyefika hapa na baiskeli na marobota mawili ya kitambaa cha marekani. Wanaambiwa habari za katekista aliyetoka upande wa Tabora na mke mmoja na kengele moja, na za karani wa ghala la pamba aliyevaa viatu hata shambani. Aliyezijenga hatajwi. Kila aliyemjua alikuwa na sababu ya kutomtaja. Mimi ninazo sababu kuwashinda wote, na ndiyo maana nitasema. Jina lake naliacha, maana hata alipokuwa hai hatukulitumia. Aliitwa Fundi, na ukisema Fundi hapa hakuna aliyekuuliza fundi gani.

Mji wetu uko mpakani. Ukitoka Masumbwe kuja huku, utakuta ng'ombe wanaolala Geita na kunywa maji Shinyanga. Zamani wote tulikuwa Shinyanga, huo mpaka ulikuja ukatukuta tumeshakaa. Walipokuja watu wa kuupima walimwuliza Fundi kona ya ghala iko wapi hasa, kwa sababu kwenye karatasi yao ilikuwa mahali pengine. Akawaambia kona haijahama tangu aiweke, wahamaji ni wao. Wakaandika walivyoandika. Hakuwapa hata kigoda.

Mimi nilimjua kwa ndoo. Nilikuwa mke kijana, mwanangu Masanja mgongoni, na kazi ya wanawake kwenye ujenzi ilikuwa maji: kuyachota lamboni, kuyapandisha kilima, kuyamimina kwenye shimo la udongo. Ukifika unakunja goti, unasema shikamoo Fundi. Hakuitikia marahaba hata siku moja. Alisema, "Maji." Asubuhi shikamoo, jibu maji. Jioni shikamoo, jibu maji, hata kama ndoo ameshaishika. Nilidhani masikio yake mabovu. Baadaye nikajua anasikia hata tofali linapopata ufa.

Mdomo wake ulikuwa kama mwiko wa chuma. Nilipokuwa na mimba ya pili aliniona napanda kilima akasema mbele ya vibarua wote, "Mama Masanja, unabeba maji au unabeba mimba? Mwendo ni ule ule." Nikamjibu kwamba nabeba vyote viwili, yeye habebi kitu ila mdomo. Vibarua walicheka, naye akacheka kidogo, halafu akanirudisha lamboni mara tatu zaidi ya wenzangu. Ndivyo alivyokuwa. Ukimjibu anakuheshimu, na heshima yake inakuumiza mgongo.

Kwa mimba ile ile nilikuwa na hamu ya udongo, kama wanawake wengi. Akanikuta nyuma ya rundo la matofali mabichi nakwangua na kula. Hakunifokea. Aliokota kipande kutoka rundo la pili akanipa, akasema onja na hili. Nikaonja, nikatema.

"Sasa umejua," akasema. "Ulichokuwa unakula ni kichuguu, kinalika. Hili ni la bondeni. Ni kama kulamba jembe."

Alitumia udongo wa namna hizo mbili. Wa kichuguu aliuchimba kule mashambani, kwenye vile vichuguu virefu kuliko mtu. Wa bondeni aliutoa kando ya chemchemi chini ya mji. Nyumba hii aliijengea huu, ile aliijengea ule, kwa hesabu aliyoijua mwenyewe. Mtu mwingine hakuona tofauti, maana matofali yakishachomwa yote ni mekundu.

Niseme sasa alivyofundisha kazi, kwa sababu yote yanatoka hapo. Kibarua akiweka tofali vibaya, Fundi alimwona. Alikuwa na jicho la mwewe. Lakini hakusema. Alikaa kwenye gogo lake, akavuta kiko, akamwacha mtu aendelee. Kozi juu ya kozi, mstari wa matofali juu ya mstari, mtu anajenga, anaimba, jua linamchoma, anafikiri leo amefanya vizuri. Ukuta ukifika kifuani Fundi anainuka, anauendea polepole, anausukuma kwa mguu. Unaanguka wote. Kisha anarudi kwenye gogo. Mtu akiuliza kwa nini hukuniambia mapema, jibu lilikuwa moja: "Mtu hajifunzi kwa sikio."

Nimewaona wanaume wenye ndevu wakilia kwa mguu ule. Lakini ukweli niuseme, aliyesukumiwa ukuta mara mbili hakukosea mara ya tatu. Mafundi wote waliojenga baadaye, mpaka Nkome huko ziwani, walitoka chini ya mguu ule.

Duka la Mhindi ndilo lililompa sifa. Mwenye duka alitaka juu ya mlango afinyangwe tausi, ndege wa kwao. Fundi hakuwahi kumwona tausi na hakuwa mtu wa kukiri. Akauliza ana shingo? Anayo. Ana mkia? Anao, mkubwa. Akaenda kuchungulia kanga porini siku mbili, akarudi akafinyanga kanga mwenye mkia wa feni. Mama mzee wa mwenye duka alipotolewa nje kuangalia alicheka hadi akashikiliwa. Mwanawe akataka avunjwe, bibi akakataa. Akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba ndege huyu amezaliwa hapa, aachwe. Alikaa pale juu miaka yote, na watoto wetu wakakua wakijua tausi ndivyo alivyo.

Kwa katekista napo. Waumini walitaka kanisa lenye mnara. Fundi hakuwa na dini, wala ya wazee hakuwa nayo. Akawauliza, "Mungu wenu ana uzito gani? Nijue msingi." Katekista alikasirika akaondoka. Fundi akachimba msingi wa kwenda chini mpaka kwenye mwamba, kwa mikono yake, na kanisa lile halijapata ufa hata kwa mvua zilizobomoa daraja.

Watu waliuliza kwa nini yeye anayejengea wengine nyumba za kudumu analala kwenye kibanda cha miti na udongo, mlango umepinda, paa la nyasi linavuja. Alikuwa jirani yangu, ukuta wake na ua wangu vilitenganishwa na njia ya mbuzi tu, kwa hiyo niliuona mlango ule uliopinda kila siku. Alisema nyumba nzuri ni ya mtu mwenye hofu. Mkewe ndiye aliyevujiwa. Mama yule alivumilia mpaka akafa, na siku ya kumzika Fundi alisimama kando ya kaburi, akatoa timazi mfukoni, ile kamba yenye risasi ya kupimia ukuta. Akaiteremsha kaburini. Akasema upande wa kushoto umelala. Vijana wakarudi chini kuchonga. Jeneza likangoja juani, sisi tukangoja, katekista akafunga kitabu. Akapima tena, akasema bado. Mara tatu. Wengine walisema ana wazimu, wengine walisema ndiyo kumpenda kwake. Mimi nilisema moyoni kwamba huyu angempa mkewe paa lisilovuja, angekuwa amepima vya kutosha.

Sasa nije kwa mume wangu.

Baba Masanja alikuwa kibarua wa Fundi, na alikuwa mpangaji wa tanuru. Kazi hiyo ni ya akili. Unapanga matofali mabichi kama nyumba isiyo na chumba, chini unaacha midomo ya kutilia kuni, na juu ya kila mdomo matofali lazima yafungane, hili likamate lile, ili moto ukila kuni tanuru lisikae chini. Mwaka ule karani alitaka ghala la pamba limalizwe kabla ya msimu. Mawingu yakaja mapema. Tanuru likawashwa jioni ile ile lilipomalizwa kupangwa, wakati Fundi kwa kawaida aliliacha lilale kwanza. Siku ya pili baba Masanja aliinama kusukuma kuni ndani, na mdomo ule ukaporomoka. Tanuru lote la upande ule likamjia. Hakuna aliyeweza kusogea karibu kwa moto. Tulimtoa lilipopoa, na sitasema tulitoa nini. Binti yangu alikuwa na miezi mitatu.

Fundi alikuja matangani. Alikaa na wanaume. Mtu akauliza imekuwaje, fundi hodari kama yule. Akajibu kwa sauti ambayo sisi ndani tuliisikia, "Hakuufunga ule mdomo. Nilimwambia mara mbili."

Maneno hayo nimeishi nayo. Wakwe zangu wakayabeba. Marehemu akawa mzembe aliyejiua kwa uzembe. Masanja akiwa shuleni watoto walimwambia baba yako hakusikia, na akirudi analia mimi nilimchapa, kwa sababu sikuwa na jibu na fimbo nilikuwa nayo.

Mvua za mwaka ule zilipokwisha, mkokoteni wa ng'ombe ukasimama mbele ya kibanda changu umejaa matofali. Fundi akashuka. Akapima, akachimba, akaanza kujenga. Peke yake, hakuleta kibarua hata mmoja. Nilimwuliza anafanya nini. Akasema, "Maji." Nikachukua ndoo. Nilichota maji ya nyumba yangu mwenyewe msimu mzima wa kiangazi, na hatukusemezana zaidi ya neno hilo. Nilipompelekea chakula alikirudisha. Siku aliyoweka lenta juu ya milango alinitazama kutoka juu ya jukwaa akasema, "Usidhani ni huruma."

Mji mzima ulidhani ni huruma. Nami, Mungu anisamehe, kuna siku nilidhani. Ilikuwa nyumba nzuri kuliko zote nilizowahi kuota: vyumba vitatu, kozi ishirini na sita mpaka kwenye bati. Ukiugonga ukuta kwa kidole unalia kama sufuria. Wageni walikuwa wanagonga ili wausikie tu. Nilimchukia mtu yule na nililala ndani ya kazi yake, na nililala vizuri. Nilipokea wajukuu humo, maana binti yangu aliyeolewa Maganzo alikuja kujifungulia kwangu wote wanne.

Basi miaka ikaenda. Dhahabu ikaja. Wachimbaji walitoboa lile bonde chini ya mji, pale pale kando ya chemchemi, wakashusha maduara, mashimo marefu ya kutisha. Karasha zikasagasaga mawe mchana kutwa mpaka sahani zikatetemeka kabatini. Wajukuu wa Mhindi walikuwa wameshauza duka na kuhamia Mwanza. Mvua moja ukuta wa nyuma wa duka lile ukaanguka, na mchimbaji mmoja aliyekuwa na njaa au akili akachukua tofali, akalitwanga, akaliosha kwenye karai. Chini ya karai kukabaki uzi wa njano.

Gashi, kumbe tulikuwa tumelala katikati ya dhahabu miaka yote.

Ndani ya wiki mbili duka likawa shimo. Yule tausi alishuka wa kwanza. Nilimwona kwenye kiroba, shingo imechomoza, akienda karasha. Kisha ghala. Kisha nyumba ya karani. Lakini kuna waliovunja nyumba zao wakasaga wakapata vumbi, kwa sababu zilikuwa za kichuguu, wakabaki wamekaa juani na familia. Ndipo wakamkumbuka Fundi.

Alikuwa mzee sana, macho yameingia ukungu, anaona mwanga tu. Wakampakia kwenye bodaboda wakamzungusha mji mzima. Kila nyumba ya zamani akashushwa, akapapasa ukuta, akakwangua kwa msumari, akaweka ulimini. Akisema bondeni, nyundo zinaanza jioni hiyo. Akisema kichuguu, wanaondoka. Kwa wiki ile mtu yule ndiye aliyekuwa serikali. Walimpa soda, hakutaka kingine. Alizitaja kazi zake moja moja zife na uso wake haukubadilika. Katekista wa sasa alimwomba kwa machozi aseme kanisa ni kichuguu. Akaonja. Ikawa kweli kichuguu, akasema hivyo, na alipoanza kushukuriwa akajibu, "Ingekuwa bondeni ningesema bondeni." Na kila mtu aliamini, kwa kuwa mtu yule alikuwa na mabaya yote ila uongo. Hilo lilijulikana hadi Kahama.

Masanja wangu sasa ni mtu mzima mwenye tumbo, na ana sehemu yake kwenye karasha. Akaja akakaa.

"Mayu," akasema, "tofali ni tofali tu. Nitakujengea nyingine ya bloku, bati jipya, na umeme."

Nikamwambia ya bloku alale yeye. Akasema wenzake hawatangoja, Fundi anapita mtaa wetu kesho, na likitajwa bondeni hawezi kuwazuia. Nikamwuliza wewe unataka nini. Akatazama viatu vyake. Nilijua anataka nini.

Nilikuwa na nyumba hiyo tu duniani. Sina shamba, nililigawa. Mume yuko chini ya mti kule makaburini na sifa mbaya. Kwa hiyo alasiri ile nilivuka njia ya mbuzi kwenda kumwomba mtu niliyeapa sitamwomba.

Alikuwa ameketi mlangoni pake palipopinda. Nikasema shikamoo Fundi.

"Maji," akasema.

Nikampa kikombe, akanywa. Nikamwuliza udongo wa nyumba yangu ulitoka wapi.

"Bondeni."

"Umejibu upesi."

"Nimekungoja uniulize miaka yote. Hukuuliza." Akafuta mdomo. "Ni matofali ya lile tanuru."

Sikuuliza tanuru lipi. Kwangu mji huu una moja tu.

"Yaliiva vizuri," akasema. "Lilipoporomoka moto ulijifunika ndani, ukakaa siku sita. Sijapata tena matofali yenye mlio kama yale. Ningeyatupa?"

Mbuzi wake alikuwa anakula kona ya kanga yangu, nikamwacha. Nilikuwa nafikiri jinsi wageni walivyokuwa wanagonga ule ukuta, nami nasimama pembeni natabasamu.

"Matangani ulisema ulimwambia mara mbili," nikasema.

"Nilisema hivyo."

"Ulimwambia?"

Akakiweka kikombe chini. "Nilimwona anaupanga ule mdomo bila kufunga. Nikasema amalize kwanza. Asubuhi ningeusukuma."

"Ukawashwa jioni."

"Karani aliagiza."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Na mdomo ulikuwa nao."

"Nilikuwa nao," akasema. "Nilisema labda litasimama. Alikuwa ameshasukumiwa mara moja, sikutaka kumwaibisha mbele ya karani."

Hivyo ndivyo mume wangu alivyokufa. Mtu aliyewaaibisha watu maisha yake yote, siku moja tu akaona haya.

Niliinuka. Akainua uso akinitafuta kwa yale macho yake ya ukungu. "Kesho nitasema kichuguu," akasema. "Kalale."

Nilikuwa nimekwenda kuomba neno hilo hilo, na nikawa nimepewa. Sikumshukuru. Nilirudi, nikakaa katikati ya chumba mbali na kuta zote nne.

Kesho yake walikuja wengi, kwa sababu mtaa wetu ulikuwa wa mwisho. Wanaume wa karasha, nyundo mabegani, majirani, wazee wawili wa mtaa, na Masanja wangu kwa nyuma anajifanya hayumo. Fundi akashushwa kwenye bodaboda. Akapapasa ukuta wangu kwa viganja, polepole kuliko kuta nyingine zote. Akaugonga, ukalia. Akakwangua pale lipu ilipobanduka, akaweka ulimini, akafumba macho.

"Kichuguu," akasema.

Hakuna aliyebisha. Mzee mmoja akasema haya, twendeni. Nyundo zikaanza kurudishwa mabegani, na Masanja akashusha pumzi, sijui ya furaha au ya hasara. Nyumba ikawa yangu mpaka nife. Nilihitaji kunyamaza tu, jambo ambalo Fundi mwenyewe alilijua vizuri.

"Anaongopa," nikasema.

Wakageuka. Mzee akaniambia mama Masanja, angalia unachosema, mtu huyu haongopi.

"Anaongopa leo na aliongopa kwenye matanga ya mume wangu. Hakumwambia mara mbili. Hakumwambia hata mara moja, mwenyewe amekiri kwangu jana. Matofali haya ni ya tanuru lililomuua, na udongo ni wa bondeni." Nikakwangua kwa ukucha, nikamwekea mwanangu ulimini kama mtoto mchanga. "Masanja, kuna ladha gani?"

Akamumunya. Uso ukamkunjamana. "Kama jembe," akasema.

Wote wakamtazama Fundi. Hata kama angekamatwa kwa wizi, wasingemtazama vibaya hivyo. Yule mwendesha bodaboda, mtu wa kuchekacheka, alisema, "Babu, kwa hiyo hata kwenye zile nyingine ulikuwa unabahatisha?" Wakacheka. Waliovunja nyumba zao hawakucheka, wakaanza kumtukana kwa Kisukuma, matusi yanayomtaja mama. Alisimama mkono wake ukiwa bado ukutani. Angeweza kusema nilisema hivyo kumwachia mjane nyumba. Hakusema. Mtu hajifunzi kwa sikio.

"Vunjeni," nikawaambia. Masanja akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika. Nikamwambia achukue nyundo, aanze yeye, baba yake yumo humo.

Walivunja siku mbili. Ile nyumba haikutaka. Nyundo mbili zilikatika mipini. Hakuna aliyempakia Fundi kwenye bodaboda tena, akarudi kwake kwa kupapasa ua, akakaa mlangoni pake, hatua kumi na tano kutoka kwenye vumbi. Mimi nilikaa nje juu ya godoro langu na masufuria. Nilifikiri atalia, nikawa nasikiliza nisikie. Nilichosikia ni hesabu. Kila kozi iliposhuka aliijua kwa mlio, akaitaja kwa sauti ya chini. Ishirini na sita. Ishirini na tano. Walipovunja kutoka pembeni aliwapigia kelele waanzie juu, wajinga, utawaangukia. Hawakumsikiliza, na kweli uliwaangukia, mmoja akaumia mguu.

Dhahabu iliyotoka kwenye nyumba yangu haikujaza kifuniko cha soda. Masanja aliniletea nione. Nikamwambia aondoe.

Siku ya pili, alasiri, zilibaki kozi tatu, halafu mbili. Nilikuwa nimetoka lamboni na ndoo, maana mabomba yetu hayatoki kiangazi, na njia ya lamboni inapita mbele ya mlango wake. Nikasimama pale. Nyundo ya mwisho ikapiga.

"Moja," akasema Fundi.

Vumbi likatua. Midomo yake ilikuwa myeupe, imepasuka. Tangu jana hakuna mtu aliyemkaribia. Akainua uso kuelekea nilikosimama, kwa sababu miguu yangu aliijua tangu nikiwa na Masanja mgongoni. Akangoja salamu yangu. Sikuitoa.

"Maji," akasema.

Nikaishusha ndoo kichwani. Nikaimimina chini mbele ya miguu yake, polepole, asikie yote mpaka tone la mwisho.